Ng'ombe Aliyesemekana Amekufa

Walitoka Burungu ukungu ungali umelala mashambani, Murekatete mbele, binti yake Umurerwa nyuma. Waliokutana nao njiani waliambiwa kwamba wanakwenda kumtazama bibi mgonjwa ng'ambo ya mlima. Umurerwa, mwenye miaka kumi na sita, aliambiwa hivyo hivyo. Hakujua kwamba ndani ya kitenge alichofunga mama yake mgongoni, pale wenzake wanapobeba mtoto, mlikuwa na panga.

Murekatete hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilima viazi na maharagwe kwenye mteremko, Jumapili aliimba kwaya, na kwa miaka sita alikuwa akimchukia mtu mmoja bila kupumzika. Mtu huyo aliitwa Théogène, jirani yao wa zamani. Vita ilipowakimbiza hadi kambi ya Kitshanga, mumewe akiwa ameshafariki, Murekatete alimwachia Théogène ng'ombe wake wa pekee, Bihogo, mwenye pembe ya kushoto iliyopinda, aliyekuwa akikamuliwa. Kule kambini njaa ikamkausha maziwa ya kifuani. Akatuma ujumbe: chupa moja tu ya maziwa, kwa ajili ya mtoto wangu Cyusa, ana miezi mitano. Jibu likarudi kwamba Bihogo amekufa, jambo ambalo Murekatete hakuliamini. Baada ya wiki mbili, Cyusa naye akafa.

Sasa mwezi uliopita, sokoni, mama mmoja muuza fromaji, jibini ya huko milimani, akamwambia, bila kujua anamwambia nani: "Kule juu kwa Théogène kuko ngombe moja ya zamani, pembe ya kushoto ilipinda mpaka inakaribia jicho. Ile njo inamulishaka, yeye na watoto yake."

Walipanda. Mashamba yakaisha, mikaratusi ikaisha, yakabaki malisho na upepo. Saa sita walikaa kwenye chemchemi kula viazi vya kuchemsha. Umurerwa alivuta kitenge ambacho mama yake alikuwa amekiweka chini, ili akikalie, mkono ukagusa chuma.

"Mama, hii ni ya nini?"

Murekatete akamweleza yote. Hakutoa chozi. "Nitaikata ile ngombe miguu ya nyuma, Théogène anaangalia. Mwanangu hakunywa. Na wake hawatakunywa."

Umurerwa alifunua kitenge, akalitazama panga. Yeye ndiye aliyembeba Cyusa kambini, mama alipokwenda kulimia watu. Alijua jinsi mtoto yule alivyozidi kuwa mwepesi.

"Ngombe haikusema uongo, Mama," alisema. "Ni yeye njo alisema." Akakichukua kitenge na panga lake, akajifunga mgongoni mwake mwenyewe, akatangulia kupanda.

Alasiri walifika. Théogène alikuwa zizini na mkewe na wanunuzi watatu, bidoni mbili za maziwa zimejaa pembeni. Murekatete alisimama uani akaita kama alivyokuwa akiita zamani: "Bihogo we! Bihogo!" Ng'ombe mmoja mzee akainua kichwa. Akaja polepole, akamchomeka pua kwapani.

Théogène alipauka, kisha akatabasamu. "Mama Umurerwa! Mungu njo anakuleta. Karibuni, mukunywe maziwa."

Murekatete aliondoa mkono shingoni mwa Bihogo. "Nipe," alimwambia binti yake, mkono umenyooshwa nyuma.

Umurerwa hakumpa. Alimpita, akaipindua bidoni ya kwanza. "Hii ni ya Cyusa." Akapindua ya pili. Maziwa yakashuka mteremko, meupe, hadi kwenye viatu vya wanunuzi. "Papa Théogène, ambia hawa bantu. Ulituma kusema ngombe ilifanya nini?"

"Mutoto, ilikuwa vita. Kila muntu alikuwa anatafuta..."

"Ilifanya nini?"

"Ilikufa," alisema Théogène, Bihogo amesimama mbele yao akipunga mkia.

Mnunuzi mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. Mke wa Théogène alimtazama mumewe. "Uliniambia uliinunua."

Murekatete alifunga kamba shingoni mwa ng'ombe wake. Hakuna aliyemzuia. Alipofika kwa Théogène alisimama karibu naye sana.

"Sikulaani. Nataka uishi miaka mingi. Na kila asubuhi ukishika chuchu ya ngombe, umuone mwanangu."

Waliteremka na jua usoni. Murekatete alijipima moyo akitafuta huruma, hakuipata. Alipata njaa tu, akamega kiazi kilichobaki, nacho kilikuwa kitamu.

Habari zilishuka mlimani kabla ya wiki kwisha. Wanunuzi walihamia kwa wafugaji wengine. Mke alirudi kwao na watoto. Théogène akauza alichobaki nacho, akaenda kutafuta maisha Hombo, mbali, asikojulikana na mtu. Murekatete alipoambiwa, aliomba asimuliwe tena tangu mwanzo.

Pasta alikuja kumsihi asamehe. Murekatete alimpa kiti, akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Nitasamehe, Pasta," alisema. "Lakini si leo. Leo ningali ninafurahi."