Biarusi Kwenye Benchi la Waja Wazito

Aibu nimeipata, sikatai, lakini mniache niieleze mwenyewe, kwa sababu huko mitaani kisa hiki kinasimuliwa namna nne na katika moja eti mimi ndiye niliyetapika. Mimi! Niliyekuwa nimeshika mfuko!

Tuanze na Rukia. Rukia ni binti wa mama yangu mdogo, tumelala kitanda kimoja tangu tukiwa hatuna meno ya mbele, na sasa ni daktari, ila bado yuko kwenye mwaka wa mafunzo, yaani wanamzungusha wadi hii na ile, na kila wadi mkubwa wa pale lazima amtilie saini kwamba amefuzu, asipotia basi anarudia. Na huyo huyo daktari ndiye mkono bora wa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi na miguuni, Lamu nzima (asiyekubali aje tugombane, nyumbani anapajua). Mimi nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, kusinga, yaani kumsugua biarusi mwili kwa singo ya manukato, najua, kufukiza udi najua, kusuka najua, lakini kuchora, wallahi, waridi langu hutoka kama kaa aliyekanyagwa. Basi tukafungua kazi yetu ya kupamba maharusi, mimi wa singo na maneno, yeye wa piko siku zake za mapumziko. Analala saa ngapi, msiniulize. Nimewahi kumkuta amesinzia na koni ya piko mkononi na ua halijaharibika.

Sasa mkubwa wa wadi ya kujifungulia siku moja akamwona vidole vyeusi, akamwambia mbele ya wauguzi wote: "Daktari, nikiiona hiyo biashara yako ndani ya wadi yangu hata mara moja, saini yangu usahau." Hata mara moja. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu? La, aliniambia Rukia. Niliyaelewa? Niliyaelewa vizuri sana. Ndipo mjue mimi ni mtu wa namna gani.

Biarusi wetu alikuwa Swafia, anaolewa na kijana wa Faza, yuko ndani siku ya sita, haonekani na mtu wa nje mpaka atolewe atazamwe na wanawake. Rukia akamchora miguu yote miwili na mkono wa kushoto, mara simu ikalia, mwenzake kaugua, arudi wadini. Mkono wa kulia ukabaki mtupu kama wa mtoto. "Nitamalizia kesho nikitoka saa nane," akasema. Kesho yake saa nane ikafika ujumbe: zamu imeongezwa, nitakuja alfajiri.

Alfajiri! Na atolewe siku hiyo hiyo! Kwa kweli muda ungetosha (sasa naona ungetosha, wakati ule sikuona mbele wala nyuma), lakini mamake Swafia, Bi Zuhura, tangu asubuhi alikuwa ananizunguka: "Mwanaesha, mwanangu amekuwa nusu biarusi? Wageni wa Faza washaanza kushuka, mkono u wapi?" Nikasema basi nitachora mimi. Swafia akauficha mkono chini ya godoro.

"Sikutaki wewe. Namtaka daktari."

Ningekuwa na akili ningekasirika nikaenda zangu kulala. Lakini nilipoona Bi Zuhura amepitiwa na usingizi baada ya chakula cha mchana, na mji wote umelala saa ile, nikajiambia, daktari hawezi kuja kwa biarusi, basi biarusi aende kwa daktari, dakika ishirini, nani atajua? Nikamvika buibui la mamake, na ninja ya kufunika uso, na soksi kuficha piko la miguu, mkono wa kushoto nikauingiza kwenye mfuko wa plastiki. Tukapita vichochoro vya nyuma. Tulikutana na punda wawili na hawakusema kitu, na laiti binadamu wangekuwa na adabu hiyo.

Rukia nilimwandikia tu, "Nakuja na kitu." Maskini alidhani ni chakula, hakuwa amekula tangu asubuhi. Akatoka mlangoni pa wadi akanikuta kwenye lile benchi la waja wazito na mtu mweusi tii kando yangu mwenye mkono ndani ya mfuko, akamtazama macho, macho peke yake, akamjua.

"Esha. Umeniletea nini?"

"Mkono mmoja tu."

"Mrudishe. Sasa hivi, kabla hajaonekana." Alikuwa ananong'ona, na mimi Rukia akinong'ona huwa namwogopa. Akafungua mdomo aongeze neno, muuguzi akamwita, kuna mama ameletwa na boti kutoka Ndau, mtoto amekaa vibaya, anaingizwa kwenye upasuaji. Akaondoka mbio.

Hapo ndipo ningeinuka. Sikuinuka. Nikasema moyoni, upasuaji ni nini, nusu saa? Akitoka atatuhurumia. Tukakaa. Nusu saa ikawa saa nzima, jua likageuka likatupiga usoni, na Swafia chini ya buibui ana singo mwilini, ana mafuta ya nywele, hajala kwa hofu ya arusi, akaanza kupepesuka.

"Esha, nahisi vibaya."

"Vumilia."

Akavumilia kidogo, kisha akatapika. Nikauchomoa ule mfuko mkononi mwake nikauwahisha chini ya ninja, nusu ikaingia, nusu ikanipata mimi (mmeona? mimi ni mpokeaji, si mtapikaji). Muuguzi akaja na maji, mpole, akauliza, "Ni wa kwanza? Miezi mingapi?" Na mama mmoja wa makamo, aliyemsindikiza mtu kliniki, akamsogelea Swafia akampapasa mgongo. "Pole mwanangu. Mimba ya kwanza ndivyo iwavyo, hata mimi ilinitesa."

Sikilizeni. Hakuna aliyemjua Swafia pale. Macho tu ndiyo yalikuwa nje. Ningeitikia "ahsante mama", ningesema miezi mitatu, ningesema lolote, tungeondoka na siri yetu. Lakini mtu amsingizie mteja wangu, msichana wa watu niliyemsinga siku saba kwa mikono hii, na nani kasema mtu akitapika lazima awe na mimba? Nikasimama.

"Mimba ya nani! Huyu ni mwanamwali! Yuko ndani siku ya saba, arusi yake ni kesho!"

Benchi zima likatugeukia. Yule mama akautoa mkono wake mgongoni polepole, kama aliyegusa sufuria.

"Kesho mji mzima wa Amu una arusi moja," akasema. "Na ni ya mwana wa kakangu."

Swafia akaanza kulia chini ya ninja. Yule shangazi wa bwana arusi akawa anamtazama biarusi wa ndani aliye nje, hospitalini, kwenye benchi la waja wazito, anatapika, siku moja kabla ya arusi. Na mimi sauti nimeshaipandisha, haishuki, namwelezea piko, mkono, godoro, mpaka mkubwa wa wadi mwenyewe akatokea.

"Hapa ni sokoni?"

"Tunamngoja Daktari Rukia!" nikamjibu, na koni ya piko niliyokuja nayo ikaanguka kutoka kwapani mwangu ikaviringika mpaka kiatuni kwake. Akaiokota. Akaitazama.

Rukia akatoka saa hiyo hiyo, kofia ya upasuaji kichwani, macho mekundu. Mtoto wa Ndau mzima, mama mzima. Badala ya kupongezwa akaonyeshwa koni.

"Daktari, huyu ni mgonjwa wako au mteja wako?" akauliza mkubwa, akimwonyesha Swafia.

Rukia angeweza kusema, sikumwita. Ilikuwa kweli. Neno hilo moja tu lingemwokoa. Akanitazama, akamtazama mkubwa wake.

"Huyu ni dada yangu," akasema, akinishika mimi bega. Basi.

Nikaona anaonewa, nikamtetea. "Hana kosa huyu! Mimi nimekuja mwenyewe! Yeye ana maharusi wengine watatu mwezi huu na hajaleta hata mmoja hapa!"

"Watatu," akasema mkubwa.

Rukia akafumba macho.

Arusi ilifanyika, mjue. Bi Zuhura alinisimamisha mbele ya wanawake wa Faza niseme yote, tangu godoro mpaka mfuko, nami nikasema, na shangazi akamwita Swafia aje karibu, "Ndoo nione," akaushika mkono wa kulia, ambao mwisho nilikuwa nimeuchora mimi kwa kuwa Rukia hakuweza tena kuja, akautazama wee. "Mwanangu, ukweli nimeuamini. Kwa mkono huu hata mimi ningemkimbilia daktari." Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Wacheke. Swafia yuko Faza kwa mumewe na jina lake safi, na hilo tu ndilo nililotaka.

Lakini saini haikutiwa. Rukia ameongezewa miezi mitatu, wadi ile ile, mkubwa yule yule. Wenzake wamehamia wadi nyingine, yeye yuko pale pale anapokea watoto. Hakunigombeza, na afadhali angenipiga. Alikuja nyumbani akavua viatu akakaa kitandani, akaniomba jambo moja tu, nimwapie kwamba sitakwenda kumtetea kwa mkubwa wake.

Nikaapa. Ila ilibidi kwanza nivue buibui, maana nilikuwa nishavaa.