Mshauri Asiyejua Kisukuma

Nilipohitimu ualimu, mkuu wa shule ya bweni huko Shinyanga alinikabidhi wanafunzi wapya niwalee na kuwapa ushauri. Nilijiona nimeiva. Wiki hiyohiyo mtoto mmoja wa kijijini alinijia akilia, akanimwagia yote ya moyoni kwa Kisukuma. Mimi, niliyekulia mjini dukani kwa baba, sikuambulia neno.

“Sema Kiswahili, mwanangu,” nikamwambia.

Akanitazama, akafuta machozi. “Basi, mwalimu.”

Kesho yake alitoroka kwenda kwao, asirudi tena. Niliona aibu. Nikamwendea jirani yetu, mama wa Kisukuma, nikamsihi anifundishe.

“Tuanze na salamu ya asubuhi,” akasema. “Mwangaluka.”

Nikaitamka vibaya. Wanawe wakaangua kicheko, nami nikarudia, macho chini.