Mshona Nyavu Aliyemshitaki Mumewe kwa Ajili ya Vifaranga wa Samaki

Jua la asubuhi linamkuta ameketi kizingitini, wavu ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu, sindano ya mti mkononi. Anafunga fundo, anavuta, anafunga jingine. Kila baada ya mafundo kadhaa anapenyeza vidole vitatu kwenye jicho la wavu. Vikipita, anaendelea. Visipopita, anafumua huku akijitukana mwenyewe.

Ndani, mumewe anakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni cha mtu anayetaka chai na hataki kuiomba.

"Msikie," anasema mama huyo, ambaye mtoni kote wanamwita Mama Sindano. "Kaninunia tangu maji yapungue. Tunazungumza kwa kukohoa, kama redio mbovu mbili."

Mto huu ulikuwa ukilisha mitaa yote ya ukingoni. Zamani mvuvi alirudi na ndoo mbili, moja ya kuuza, moja ya kula na kugawia majirani. Siku hizi anarudi na samaki wa kujaza sahani moja, na sahani yenyewe ya mtoto.

Watoto walipoanza kula chakula kwa chumvi, wavuvi waliunda kikundi. Wakakubaliana kwamba kona yenye matete, wanakotagia samaki, isiguswe mpaka vifaranga wakue. Na wavu wowote utakaoingia majini uwe na macho ya kupita vidole vitatu.

Vidole vya nani? Hapo walibishana asubuhi nzima, maana kila mmoja alileta vyake. Mwishowe wakachagua vya Mama Sindano, kwa kuwa nyavu zote hupitia kwake.

Wa kwanza kunaswa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Vidole viligoma kupita, wavu ukachomwa moto mbele ya watu. "Nilimwambia, shemeji, huu si wavu, ni kichujio cha chai," anakumbuka.

Kisha mjukuu wake wa miaka mitatu akaanza kuamka na mapele ya mbu. Homa ikafuata. Bibi alikitafuta chandarua cha mtoto kila pembe ya nyumba. Alikikuta ndani ya mtumbwi wa mumewe, kimeloa, kimenasa majani ya matete, na ndani yake vifaranga wa samaki wadogo kama punje za mchele.

"Nilikikunja nikakifukie," anasema. "Nikakumbuka ule moto wa shemeji. Sasa moto uwe wa kwao tu, kwangu iwe maji?"

Akakipeleka kwa kikundi. Mumewe akakatazwa kutega wavu msimu mzima.

"Hatukufurahi," anasema mwenyekiti wa kikundi. "Ukimnyima mzee mto, umemnyima na yule mtoto chakula. Lakini tungemwacha yeye, kesho kila chandarua kingekuwa majini."

Shemeji hapitwi na asubuhi bila kuja kuchokoza.

"Shemeji, leo umempima mzee vidole?"

"Pita zako! Wewe hata kivuli chako kina macho madogo."

Wanacheka wote wawili. Akishaondoka, uso wa mama unashuka. Wateja wamepungua, wengine wanapeleka nyavu zao mbali, kwa fundi asiyepima kitu. Homa ya mjukuu imetulia, ila mtoto amekonda shingo.

"Zahanati wakaniambia nimpe samaki," anasema. "Nikawauliza, ninyi mnao?"

Mumewe anatoka hatimaye, anachukua chai yake, anasimama akitazama pembeni.

"Nilitaka mboga ya siku ile tu," anasema. "Mtoto alikuwa analia njaa. Nikisema hivyo naonekana najitetea."

Anarudi ndani na kikombe chake.

Wavu ulio miguuni mwa Mama Sindano hauna mteja. Ni wake. Maji yakijaa, anataka kuingia mtoni mwenyewe, autege kwa mikono yake, mumewe akipiga kasia.

"Walimkataza wavu," anasema akishusha sauti. "Kasia hawakulitaja."

Mwenyekiti amelisikia ombi hilo akakuna kichwa. Kikundi bado hakijajibu. Mwenye kasia naye hajasema ndiyo. Amekohoa tu.

Mama Sindano anaulizwa kama anajua kuogelea. Sindano inasimama mkononi.

"Sijui," anasema. "Samaki wanajua, na bado wanaisha."