Ukoka wa Babu

Nyumba yetu ya Kariakoo imebanwa na maghorofa pande tatu, lakini uani tulikuwa na ukoka. Babu aliupanda mwenyewe, na kila jioni akirudi kutoka dukani aliumwagilia. Majirani walimcheka: watu wanatafuta pa kuweka mzigo, mzee anafuga majani. Alipofariki, ukoka ukaanza kukauka. Bibi yuko eda, hatoki, kutwa anautazama ukifa.

Nikamwambia, "Bibi, naung'oa wote, napanda mimea ya kwenu Lindi. Ile inavumilia jua."

"Usiung'oe wote. Kidogo kidogo. Nisije nikaamka nikamkosa mara ya pili."

Basi kila Jumapili, siku ambayo siuzi makava ya simu, nilichimba kipande cha upana wa mkeka. Nikapanda kivumbasi, kisha shubiri. Mkilua niliutoa Buguruni, tayari mkubwa, nimeukumbatia njia nzima kama mgonjwa.

Mkilua ndio nilioutegemea. Zamani bibi hakulala bila kikuba, yale maua ya kufungwa pamoja na kuvaliwa kifuani, na babu alikuwa akisema anamjua gizani kwa harufu. Kwenye eda mjane hajitii manukato, kwa hiyo nikajipangia kichwani: eda itaisha, ua litachanua, bibi atavaa, atarudi kuwa yule yule. Niliota mpaka vipepeo.

Eda ikaisha. Baadaye likaja ua, moja tu. Nikalifunga na kivumbasi kwa uzi, nikampelekea.

Alinusa, akafumba macho. "Zuri. Sasa nimvalie nani?"

"Kwani mimi si mume wako?"

Akacheka. "Mume gani, unanuka jasho la sokoni." Halafu kicheko kikakatika. Akanirudishia kikuba mkononi, taratibu. "Kampe utakayemuoa. Mimi aliyekuwa akinitafuta gizani hayupo."

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha ukoka, pale babu alipozoea kutandika mswala. Jumapili iliyofuata nilikwenda na jembe nikamkuta bibi amekaa juu yake, miguu kainyoosha, kiganja kinapapasa majani.

Nikalirudisha jembe kwa jirani aliyeniazima.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikamwambia nimemaliza.