Upawa Mkononi mwa Winarsih

Siku Palupi alipoposwa, mama yake mkubwa Lasinem alicheka na majirani, akagawa ndizi, kisha akaingia jikoni kukaa na donge lake. Alijua kitakachofuata. Kabla ya ndoa, kijiji kizima cha Bayat kingekuja kumtazama mama wa bibi harusi akiuza dawet, na mama huyo si yeye.

Tangu ujana wake Lasinem aliuza dawet sokoni, kinywaji cha baridi: punje laini za unga wa mchele zenye kijani cha majani ya mkadi, tui, sukari ya mnazi iliyoyeyushwa, fenesi na barafu. Hakujaliwa mtoto. Mdogo wake Winarsih alipokwenda mji wa Bekasi na mumewe kutafuta maisha, alimwachia Palupi angali mchanga. Mtoto alilala chini ya meza ya dawet, akaota meno akitafuna barafu. Winarsih alikuja sikukuu hadi sikukuu na viatu vipya, na kila alipokuja mtoto alimrukia shingoni, Lasinem akabaki kusimama kama nguzo ya nyumba.

"Dada, dawet utatengeneza wewe," Winarsih alimwambia waliporudi kwa ajili ya harusi. "Mimi nitapakua tu. Desturi, mama ndiye anayeuza."

"Desturi naijua. Umewahi kushika upawa?"

"Kwani kupakua nako kunasomewa?"

Lasinem akarudia kukuna nazi. Hakuwa na nia ya kumfundisha.

Siku ya kumwogesha bibi harusi ilifika. Palupi angepiga magoti mbele ya wazazi kuomba radhi, kisha wakubwa wangemmwagia maji ya maua. Lasinem hakutaka kuyaona magoti yale yakienda kwa Winarsih. Alijifungia jikoni, akakamua machicha ambayo yalikwisha kukamuliwa, na alipoitwa alijifanya hasikii.

Alipotoka, maji yalikuwa yamemwagwa. Winarsih alisimama nyuma ya mtungi wa dawet, mumewe kamshikia mwavuli, na wageni wamepanga foleni na vigae mikononi, maana dawet ya siku hiyo hulipiwa kigae cha chungu. Jirani yake Parmi alimvuta mkono.

"Ulikuwa wapi wewe? Mtoto kawapigia wazazi magoti, kageukia kiti chako, kitupu. Akasema mama mkubwa asubiriwe. Tumekuita wee, mwisho shangazi yake kashika zamu yako, kammwagia maji."

"Nilikuwa nakamua nazi."

"Nazi gani, Lasinem? Hicho kijicho tu."

Wivu ulikuwa umemnyima Lasinem hata kile kilichokuwa chake. Akaokota kigae, akajipanga na wengine. Mbele yake Winarsih alimimina tui kabla ya sukari, akajaza bakuli mpaka zikamwagika. Hata hivyo kila aliyekunywa alisema, "Tamu, mama Palupi," na neno hilo lilimchoma Lasinem kila lilipotamkwa.

Zamu yake ilipofika, Winarsih alimnong'oneza, "Dada, nakosea wapi?"

"Hukosei," alisema Lasinem. Akanywa, akaondoka.

Alasiri Palupi aliingia jikoni, nywele hazijakauka bado, akaketi sakafuni.

"Mama mkubwa, mimi sijanywa."

"Mama yako hakukupa?"

"Kanipa. Nimempa Parmi."

Lasinem akampakulia, sukari kwanza. Palupi akaegemea goti lake, akachovya vidole kwenye bakuli kutafuta fenesi.

"Kweli ulikuwa unakamua nazi?"

"La. Niliona wivu."

"Wa mama?"

"Wa nani mwingine?"

"Ningekununia," alisema Palupi, "ila kesho naolewa, sina nafasi."

Winarsih alikuwa mlangoni na bakuli chafu, akivitazama vile vidole. "Sikujua kama fenesi anakula kwa mkono," akasema polepole.

Lasinem aliutambua uso ule. Ndio aliokuwa nao yeye miaka yote. Kwanza alifurahi, tena sana. Kisha akasogea kwenye benchi alilokalia, si sana, kiasi cha mtu mmoja kuketi kwa kujibana.

Palupi alihamia mji wa mbali wa Balikpapan na mumewe. Siku hizi akipiga simu, hawa dada wawili huulizana kwanza nani kapigiwa wa mwanzo.