Udi wa Kukaa

Juzi nilikuwa napanda ngazi za jengo ninamoishi, mikono imejaa mifuko ya sokoni, nikanusa udi. Ulitoka chini ya mlango wa jirani wa ghorofa ya pili, mzito, wenye utamu wa sukari iliyoanza kuungua, na miguu yangu ikagoma kuendelea. Msinicheke. Wengine wakinusa udi hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka wazee watatu wa Kiarabu wakivaa viatu vyao haraka haraka mlangoni kwetu Lozells, Birmingham, na mamangu yuko nyuma yao na chetezo mkononi, haamini macho yake.

Nilikuwa na miaka kumi, na Perry Barr, mtaa wa jirani, ilikuwa bado haijafumuliwa na kujengwa upya kwa ajili ya yale mashindano makubwa ya michezo. Tuliishi kwenye safu ya nyumba za matofali mekundu, zimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya ulimwombea rehema ukiwa kitandani kwako. Jirani mwenyewe alikuwa Khalti Ibtisam, Mwarabu wa Mukalla, mjane, fundi wa kushona mapazia. Khalti ni mama mdogo kwa Kiarabu, na watoto wote wa mtaa tulimwita hivyo, hata wale wa Kikongo waliokuwa wakienda kanisani. Mwanamke aliyeogopa kwenda kuonana na mwalimu mkuu alipita kwanza kwa Khalti, na mara nyingi alitoka amefuatana naye, Khalti mbele, mkoba kwapani, kama anayekwenda kuposa.

Lakini sisi watoto tulimpendea vikaragosi. Vipande vilivyobaki vya mapazia ya watu aliviunga usiku, na Jumamosi vikawa na majina: bibi harusi mwenye macho ya vifungo vya koti, mwizi mwenye ndevu za sufi, wazee wa kilemba, bibi kizee mkali, na ngamia mwenye shingo ya soksi. Ngamia alikuwa wangu, na ole wake aliyemgusa.

Tulikutana juu ya duka la mboga, kwenye ukumbi wa jumuiya ya Waarabu wa mtaani kwetu, ambako Jumamosi watoto wao walisomeshwa Kiarabu, na sharti la Khalti lilikuwa moja: kikaragosi kinazungumza lugha ya nyumbani kwa anayekishika. Sisi tuliozaliwa Birmingham tulikuwa mabingwa wa kusikia lugha za wazazi wetu na kujibu kwa Kiingereza. Mama akiniuliza kama nimekula, namjibu, "Yeah, Mum," huku nimeshafika ngazini. Ngamia, hata hivyo, hakujua Kiingereza hata kidogo. Ngamia alisema Kiswahili cha Mombasa, alidai chai ya tangawizi na kulalamika baridi, na watoto wa Kiarabu walicheka hadi wakaanza kumwigiza.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba watoto wanapelekwa kujifunza Kiarabu na wanarudi wakilia kama ngamia wa Kimombasa. Wazee wa jumuiya wakaona Jumamosi zirudi kuwa za masomo matupu. Ila walikuwa watu wa adabu, wakakubali kumsikiliza Khalti kwanza. Watatu wangekuja Jumamosi mchana, wakiongozwa na mwenyekiti, Ami Saleh, na baada ya sala ya alasiri wangetoa uamuzi ukumbini mbele ya watu wote. Sebule ya Khalti ilikuwa imejaa majora ya vitambaa, basi Mama akasema waje kwetu.

Niwaambie jambo kuhusu Mama. Ndani ya nyumba alikuwa na mdomo wa kuvunja watu mbavu. Aliweza kumwigiza daktari, mama mkwe na paka wa jirani katika pumzi moja. Akivuka kizingiti tu, alinyamaza. Alikuwa ametoka Mombasa akapitia Uholanzi, na kila lugha mpya ilimkuta amechoka zaidi. Kwa daktari na shuleni mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nilijua habari za presha yake na mambo mengine ambayo mtoto hapaswi kuyajua, na nikitafsiri vibaya alinikanyaga mguu chini ya meza.

Siku ya wageni alijipinda. Biriani ilianza jana yake, sambusa zikakunjwa, na kengele ya moshi ikafungwa mfuko wa plastiki ili isituaibishe. Wazee walipoketi na Baba, ambaye alikuwa dereva wa basi na tayari anawauliza walipitia barabara gani, Mama hakupoteza wakati. Kabla ya kahawa, kabla hata ya maji, akaingia na chetezo kinachofuka, udi ule mzuri aliotunza kwa ajili ya Idi. Kwao Mombasa mgeni wa heshima hufukizwa ili atulie na anukie vizuri, kisha ale.

Wazee walitazamana. Ami Saleh alivuta moshi kwenye ndevu zake, akapitisha chetezo kwa mwenzake, naye akampa wa tatu. Kisha wote wakasimama, wakashukuru kwa maneno mazuri sana, wakaaga, wakaenda zao.

"Waenda wapi hawa?" Mama akauliza. "Biriani hata sijapakua!"

Baba alibaki ameshika mto wa kiti. Dakika ile ile Khalti akaingia kutoka kwake na mfuko wa vikaragosi, akaona viti vitupu, akanusa, akashika kichwa.

"Mama Nasra," akasema, akimwita kwa jina langu, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "wallahi, umewafukuza."

"Mimi? Nimewakaribisha!"

"Kwetu udi wa mwisho. Mgeni akiona udi, anajua sasa nyumbani."

Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake, kwa sababu kila mmoja alidhani dunia nzima inafanya kama kwao. Mama akakaa juu ya ngazi, mtandio umeteleza, machozi yanamtiririka. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mwenyewe pia, maana nilikuwa nimeshamwona ngamia wangu kwenye pipa la taka. Wazee walikuwa wanakwenda kukata kauli bila kusikia neno hata moja.

 Mabega ya Khalti yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akajiegemeza ukutani, na Mama, pamoja na hasira zake, naye akajikuta anacheka.

"Mama Nasra, hii niiseme mimi ukumbini, au utasema wewe?"

Mama akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wakinicheka?"

"Watacheka. Wewe ndiye utawachekesha."

Tuliondoka msafara mzima. Baba alisukuma kigari cha mtoto cha ndugu yangu mdogo, na ndani yake, badala ya mtoto, kulikuwa na sufuria ya biriani imefungwa blanketi. Watu wa Lozells walitupisha njia wakinusa.

Ukumbini watu walikuwa wametoka kuswali, wamejaa hadi mlangoni. Khalti hakuomba kuzungumza. Alitundika pazia, akampa Mama yule bibi kizee mkali, na yeye akavaa wazee wa kilemba mikononi. Bibi kizee akachungulia. Akarudi nyuma ya pazia. Kwa mazoea yangu nikasogea mbele, nikafungua mdomo ili nieleze kwa Kiingereza kinachokuja.

Khalti akanikazia macho. "Usitafsiri," akaninong'oneza.

"Karibuniii!" Mama akapaza sauti, ile sauti yake ya ndani ya nyumba, ambayo sikuwahi kuisikia nje. Bibi kizee akazunguka wazee na kikombe cha moshi, akawafukiza ndevu, akawafukiza vilemba, akawafukiza mpaka makalio, na wazee wakainuka mmoja mmoja wakitoroka. Ndipo akawafuata na mwiko. "Rudini! Mwanikimbia nini? Na biriani hii nimpe nani, paka?"

Hakuna Mwarabu mle ndani aliyehitaji kuambiwa kilichotokea. Wanawake walianza, kisha wanaume, na Ami Saleh alicheka hadi akavua miwani. Alipopata pumzi alisimama akasema kwamba katika maisha yake amefukuzwa sehemu nyingi, lakini hajawahi kufukuzwa akinukia vizuri namna ile. Akala kwanza, sahani mbili. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi zibaki kama zilivyo, na kwamba bibi mwenye mwiko awepo kila wiki.

Nilirudi nyumbani nikijivuna kwamba ngamia wangu amepona. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha jinsi Khalti alivyookoa Jumamosi zetu. Ilibidi nikue, nianze nami kusimama mbele ya watoto wa watu na kuwafundisha kuigiza, ndipo nikaelewa ni nani aliyeokolewa siku ile. Tangu Jumamosi hiyo Mama hakunichukua tena kwa daktari. Alikwenda mwenyewe na Kiingereza chake cha kuvunjika, akarudi akimwigiza daktari, na mimi nikapewa nafasi ya kuwa mtoto. Ninampenda Khalti kwa jambo hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Baadaye tulihamia Perry Barr, nyumba inayonuka rangi mpya, na Mama alilia njia nzima kama tunahamia nchi nyingine. Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa Khalti, chetezo kimefungwa kwenye gazeti. Hata viatu hajavua akawasha kaa, akatia udi, akaanza kuzunguka pembe za sebule tupu.

"Sasa watufukuza?" Mama akamuuliza.

"Huu wa kwenu," Khalti akasema, akaketi sakafuni, akakunja miguu. "Huu wa kukaa."

Mama akaketi kando yake, wakaanza kuzungumza, huyu kwa lugha yake na yule kwa yake. Nilisimama pale nikisubiri, na hakuna aliyenigeukia nimtafsirie.