Breki za Mama Pacha

Asubuhi ile Mama Pacha alirudi nyumbani akiisukuma pikipiki. Pacha wake walikuwa juu ya kiti, wameng'ang'aniana, hata kulia wamesahau. Aliwashusha, akawapangusa vumbi usoni, akawaambia waingie kwa baba yao. Hakumsalimia mtu. Akakunja mikono ya shati, akaenda kuupiga mlango wa chumba cha uani.

Humo alikaa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa familia. Jana tu alizifungua shokapu za mbele, akamwaga oili ya zamani, nyeusi kama masizi, akatia mpya na kubadilisha sili, ile mipira inayozuia oili isitoke nje. Alimaliza upesi, akajisifu mpaka chakula kikapoa.

"Shemeji, shokapu inavuja."

"Haiwezekani, shem. Labda umepita kwenye maji."

"Maji hayanuki oili. Imetiririka mpaka kwenye breki. Nimeshika breki pale mteremkoni, pikipiki ikaenda zake. Nimeisimamisha kwa soli za viatu, na wanangu mgongoni."

Shemeji akacheka, bado anajikuna. "Na wewe unapakia kama lori. Sili ifanyeje?"

Mume alitokea mlangoni, pacha mmoja kiunoni. "Mama Pacha, mwache basi anywe chai kwanza."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Ndivyo ilivyokuwa nyumba hii: kazi ikisifiwa, ni ya ndugu wawili, ikiharibika, ni yake yeye aliyeolewa.

"Kwa hiyo pikipiki ni nzima?" aliuliza taratibu.

"Nzima kabisa."

"Basi panda nyuma. Tunashuka mteremko ule ule wenye ukuta mwishoni. Utakaa pale walipokaa wanangu."

Shemeji aliifuata pikipiki kwa madaha, akainua mguu. Macho yake yakaangukia sahani ya breki, inang'aa kwa oili. Akaushusha mguu.

"Ulijua," Mama Pacha alisema.

Mume aliacha kumtingisha mtoto.

"Niliipigilia sili kwa bisibisi," shemeji alisema, akitazama chini. "Ikaingia upande, ikachanika kidogo. Sikuwa na nyingine, na wewe ulisema unaitaka pikipiki asubuhi. Nikaona itajishikilia."

"Ungeniambia, tungetembea. Wanangu wana miguu."

Chai haikunywewa. Shemeji alikwenda dukani akarudi na sili na pedi mpya za breki. Mama Pacha alivuta kigoda, akakaa mbele yake kama askari wa zamu. Mkono wa shemeji ulipoinyemelea bisibisi, aliichukua akaikalia. Ikabidi shemeji aweke sili ya zamani juu ya ile mpya, agonge polepole kwa kuzunguka, mpaka ikakaa sawasawa. Alipomaliza kutia oili na kufunga, akaisugua sahani ya breki kwa petroli, akafunga pedi mpya. Mama Pacha akaukandamiza usukani tena na tena, akapitisha kidole kwenye bomba la shokapu. Kikavu.

"Umeridhika sasa, shem?"

"Panda."

Mteremkoni hakupunguza mwendo mpaka nyufa za ukuta zikaonekana moja moja. Ndipo akashika breki. Ikashika. Shemeji alikuwa amemkumbatia kiuno kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba.

"Shuka," alimwambia. "Utarudi kwa miguu."